Gari la Baba Lilikuwa Ghalani

Juzi nilipeleka kigari changu gereji, hapa hapa Nyakato, na kama unavyonijua, sikuondoka. Niliomba kigoda nikakaa chini ya mwavuli wa muuza vocha, macho kwenye boneti. Fundi, mtu mpole tu, akaniambia, "Dada, nenda kapumzike nyumbani, nikimaliza nitakupigia." Thubutu! Nikamwambia mimi hapa ndipo ninapopumzikia. Alipotoa pulagi za zamani na kufunga mpya, nikamnyooshea mfuko. Akacheka mpaka akaegemea bampa. "Dada, hizi mbovu unaenda kuzipika?" Nikamjibu kwamba mbovu au nzima ni zangu, azitie humo. Akazitia. Njia nzima zikawa zinagongana kwenye siti ya nyuma, na ule mlio wa chuma kwa chuma ukanirudisha kijijini kwetu Bugwema, kwenye ghala la bibi yangu.

Acha nikueleze kuhusu bibi, mzaa baba, maana ugonjwa huu nimeurithi kwake. Bibi alikuwa hamwamini mtu. Akinunua chumvi, aliilamba kwanza pale pale dukani. Akiletewa sato, alifunua mashavu ya samaki kuangalia kama bado mekundu, hata kama aliyemleta ni mzee wa kanisa. Ukimwamkia kwa adabu kupita kawaida yako alikuuliza, "Umevunja nini?" Watu walimcheka, lakini nakuambia, samaki waliooza hawakuwahi kuingia nyumbani kwetu.

Baba alikuwa na pikapu ya bluu. Alibeba mihogo mikavu, pamba na michembe ya viazi kutoka vijijini kwetu kwenda Bunda, akapitia mwaloni kule ziwani kuchukua dagaa, na jioni alirudi na sukari, sabuni, mafuta ya taa na abiria wachache wenye vumbi hadi kwenye kope. Usukani aliuzungushia nyuzi za nyavu, kwa sababu jua la mchana lilikuwa linamuunguza viganja. Siti yake ilikuwa imebonyea upande mmoja, kama alivyozoea kukaa yeye, ameegemea mlangoni. Humo ndani mlinuka petroli, dagaa na maganda ya machungwa. Ukinifunga kitambaa machoni leo, ukaninusisha, nitakwambia hii ni gari ya baba.

Baba aliugua ghafla, akafa kabla hatujazoea kwamba anaumwa. Siku ya kuanua matanga wazee wakakaa kugawa alivyoacha. Mkubwa wao alikuwa kaka yake bibi kutoka Butiama, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache; sisi tulimwita babu wa Butiama. Jembe la kukokotwa likaenda huku, koti likaenda kule. Walipofika kwenye pikapu babu akasema, "Hii gari ni ya watoto wa marehemu. Mdogo wake ataiendesha, atakula humo na watoto watakula humo. Lakini ni ya watoto." Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekaa miguuni kwa mama, na hata kwa akili yetu ya utoto tulielewa. Gari hilo ndilo lilikuwa unga wetu, daftari zetu na viatu vyetu vya shule. Hatukuwa na kingine.

Basi baba mdogo akashika usukani. Alikuwa mtu mkimya, nyumba yake ng'ambo ya uwanja wetu, na mke ambaye alikuwa bado hajapata mtoto. Kulikuwa na minong'ono kwamba amrithi na mama pia, kama walivyofanyaga watu wa zamani. Mama alikataa kwa upole, baba mdogo naye hakusisitiza, yakaisha. Kwa bibi hayakuisha. Tangu siku hiyo alimtazama mwanawe wa kumzaa mwenyewe kama alivyokuwa akiwatazama wauza samaki.

Jambo lenyewe lilianza na usukani. Siku moja baba mdogo alirudi kutoka Bunda na usukani mweusi, mpya, unateleza. Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Akaweka ungo chini.

"Ule wa mwanangu umekosa nini?"

"Ulikuwa umelegea, mama. Unaenda upande wa kulia wenyewe."

"Uko wapi?"

"Nimeuacha kwa fundi."

Bibi akarudi kwenye ungo wake. Kesho yake alijifunga kanga kiunoni, akapanda mbele, akaenda Bunda, akarudi ameupakata ule usukani wenye nyuzi mapajani. Kuanzia hapo ikawa sheria: chochote kitakachotolewa kwenye gari kirudi nyumbani, hata kama ni boliti. Kule gereji walimbatiza jina, Mama Mkaguzi. Walipoona kanga yake tu, wote wakajifanya wana kazi nyingi.

Baada ya usukani ikaja siti. Baada ya siti, rejeta. Ikaja milango, kwa sababu, alisema baba mdogo, kutu imeila kwa chini. Halafu gari zima likapakwa rangi nyeupe, eti weupe haushiki joto. Ikaja giaboksi, ikaja injini yenyewe. Kila safari bibi alidai cha zamani, na kila cha zamani kikaingia ghalani. Vile vyuma vikapangwa upande mmoja, mihogo yetu mikavu upande mwingine. Ugali uliosongwa kwa unga wa mle ulikuwa na harufu ya grisi kwa mbali. Sisi tulizoea, ila wageni walikuwa wanainusa tonge kwanza ndipo waitie mdomoni.

Na maelezo ya bibi yalikuwa mepesi, aliyarudia kila alipokuwa anamenya mihogo na mama. "Huyu anaitoa gari ya kaka yake kidogo kidogo. Anatoa kimoja anaweka chake, anatoa kimoja anaweka chake. Siku moja tutaamka, gari ya marehemu haipo, iko yake, na hakuna aliyemwona akiiba." Mama alikuwa anasema, "Mama, vitu vinachakaaga." Bibi alimjibu, "Vinachakaa vyote kwa mtu mmoja?"

Sisi watoto tulikuwa upande wa bibi, bila hata kuulizwa. Mimi nilikataa kabisa kupanda lile gari jeupe. Nilisema linanuka duka. Badala yake, mchana bibi akilala, mimi na mdogo wangu tulijipenyeza ghalani. Siti ya baba tuliiweka juu ya magunia. Usukani tuliuchomeka kwenye mchi, mchi tukausimamisha kwenye kinu, na safari ikaanza. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa injini na honi, mimi nilikuwa dereva na pia askari wa barabarani. Tulienda Bunda, tulienda Musoma mjini kununua mandazi, tulipita Butiama kumwamkia babu. Niliketi kwenye lile bonde la siti na mgongo wangu mdogo haukulijaza, lakini nilijua kabisa nimekaa pale alipokaa yeye. Furaha ile sijaipata tena kwenye gari lolote, na nimepanda mengi.

Mwisho ikaja chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima. Ilikatika kwenye korongo njia ya kwenda Bunda, na fundi akaifunga nyingine iliyotoka kwenye gari la mtu. Hapo hata mama aliacha kumtetea. Bibi akakodi mkokoteni wa ng'ombe kuileta ya zamani nyumbani. Nakumbuka ilivyopita kijijini, imefungwa kamba, bibi anatembea nyuma yake taratibu na kanga yake imefunika kichwa. Jirani yetu mmoja alitua ndoo ya maji akasema, "Poleni sana," na bibi akaitikia, "Tumeshapoa." Wote wawili hawakuwa na utani.

Haikupita muda, baba mdogo akatangaza kwamba anahamia mjini na mke wake, na gari anaondoka nalo, akafanyie biashara huko.

"Gari ipi?" bibi akauliza.

"Gari yangu, mama."

Weee! Usiku huo hakuna aliyekula nyumbani kwetu. Habari ikapelekwa Butiama, babu akaja, wazee wakaitwa, mabenchi yakaazimwa kanisani yakapangwa uwanjani. Gari jeupe lilisimama pembeni, limeoshwa likang'aa. Wanawake walikaa upande wa jikoni wakimenya mihogo, mama akiwa katikati yao. Mimi nilijibanza nyuma yake nikishika pindo la gauni lake. Nilikuwa nimeshasikia kwamba gari likienda, mimi shule basi.

Baba mdogo alisimama akaongea vizuri, bila hasira. "Wazee wangu, mimi sijaiba. Usukani nimenunua mimi. Siti nimenunua mimi. Injini, giaboksi, milango, mpaka chesisi. Kaka alikuwaga na gari, ndiyo, hakuna anayebisha. Lakini ile gari iliisha. Nimeitunza mpaka ikaisha." Halafu akamgeukia bibi. "Mama, kama ninasema uongo, nionyeshe kitu kimoja cha kaka ndani ya hii gari. Kimoja tu."

Bibi alikuwa anaisubiri siku hiyo kwa miaka. Aliinuka kwa haraka ambayo sikujua anayo, akatoa ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye ncha ya kanga, akafungua ghala, milango yote miwili. "Unataka kimoja? Njoo nikuonyeshe vyote!" Na akaanza kuvigonga kwa fimbo. Usukani huu hapa. Siti hii hapa. Rejeta, milango ya bluu, injini, giaboksi, na chesisi imeegemezwa ukutani. Wazee walisimama kuchungulia. Kwa kweli hawakuwahi kuona ghala la namna ile, mmoja alivua kofia.

Babu wa Butiama akauliza taratibu, "Dada, kwa hiyo gari ya marehemu iko humu?"

"Iko humu!"

"Yote?"

"Yote! Hajafaidi hata nati!"

Baba mdogo akaangalia chini kidogo, kisha akasema, "Basi wazee mmesikia wenyewe. Gari ya kaka ndiyo hiyo ya ghalani, watoto wapewe. Hii ya nje ni yangu."

Kuna mzee alianza kucheka akajifanya anakohoa. Bibi alibaki amesimama mlangoni na fimbo juu, mdomo wazi. Miaka yote amekusanya ushahidi wa wizi, na sasa ushahidi wake mwenyewe ndio umemkabidhi mwanawe gari. Kwa mara ya kwanza nilimwona bibi yangu ameshindwa, na nikaogopa kuliko siku ya kumzika baba. Siku ile nilikuwa sielewi, safari hii nilielewa kila kitu.

Ndipo mama akasema, "Naomba kuuliza." Wanawake waliacha kumenya. Mjane kwenye kikao cha wazee hasemi mpaka aulizwe, na hakuna aliyemuuliza. Lakini babu wa Butiama akaitikia kwa kichwa kwamba aendelee. Mama hakusimama, hata kisu hakukiweka chini.

"Babu, bibi alipoolewa hapa, ng'ombe za mahari zilitoka boma hili zikaja kwenu Butiama. Bado zipo?"

"Aa, mama. Zile zilikufaga zamani sana."

"Zizini mna ng'ombe gani sasa?"

"Uzao wao. Wajukuu, vitukuu."

"Mnaziitaje?"

Babu aliliona lile swali linakoelekea, nadhani, na alikuwa mtu mkweli. "Tunaziita ng'ombe za dada," akasema.

"Na anayezichunga, anayezipeleka josho, anayezinunulia chumvi, amewahi kusema ni zake kwa sababu zile za kwanza ziliisha?"

Mama akamenya muhogo mwingine. "Ule usukani mweusi ulinunuliwa kwa safari ya Bunda, na safari ilikwenda kwa gari ya baba watoto. Injini ilitoka kwenye dagaa zilizobebwa na gari ya baba watoto. Mimi sijui mambo ya vyuma. Naona tu kwamba hivi vyote vimezaliwa humo humo."

Babu wa Butiama aliangalia gari jeupe, akaangalia ghala, akaguna. Akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa unachunga. Maziwa umekunywa, hatukudai, ulistahili. Lakini ng'ombe ni za watoto." Wazee wakaitikia, na kikao kikaisha kabla mihogo haijaiva.

Sasa nikwambie kinachonisumbua. Baba mdogo hakubisha. Mwizi angebisha, si ndiyo? Alitoa funguo mfukoni, akachomoa ule wa nyumba yake, wa gari akampa mama kwa mikono miwili. "Shemeji," akasema, "klachi inataka kukanyagwa taratibu." Asubuhi yake alifunga mizigo kwenye baiskeli, mke wake akabeba godoro kichwani, wakaondoka. Bibi alisimama uwanjani akiangalia ile mizigo, akiikagua kwa macho, kama kuna chetu. Hakukuwa na chetu.

Gari tulilipata, na tulilipoteza vizuri tu. Tulikodi dereva, tukakodi mwingine. Walirudi na mizigo pungufu na hadithi ndefu. Bibi aliwashuku wote, na nafikiri safari hii alikuwa na haki, lakini miguu ilikuwa imechoka, hakuweza tena kwenda kukaa Bunda juu ya kigoda. Lilibeba dagaa mpaka mimi nikamaliza shule ya msingi, mdogo wangu akaingia darasa la tano. Baada ya hapo likaegeshwa kando ya ghala, kuku wakataga kwenye siti ya mbele. Jeupe nje, la bluu ndani ya ghala, yote mawili hayaendi popote.

Nimekuwa mtu mzima, nimejifunza kidogo mambo ya magari kwa kuwakalia mafundi vigodani, na nimerudi mara nyingi kuvikagua vile vyuma. Chesisi ilikatika kweli, hilo mtoto mdogo anaona. Rejeta imetoboka. Lakini usukani wa baba nimeugeuza huku na huku, sijaona ufa. Siti ile ingekwenda miaka mingine kumi. Kwa nini uitoe siti ya kaka yako ambayo haijaharibika? Zamani nilikuwa na jibu moja, la bibi. Sasa nina la pili: labda alichoka kuketi kwenye lile bonde. Labda kila alipokaa alimkuta kaka yake amekaa. Nikilikubali hili leo, kesho nalishuku tena. Mdogo wangu ananiambia niache, mtu mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

Bibi alifariki mwaka jana, mzee sana, mpaka mwisho akiuliza nani kafunga ghala. Msiba ulijaa. Siku ya pili, mama alikuwa jikoni ameinamia moto, mimi namkaangia dagaa pembeni, mboga ya mchana imebaki kwenye sufuria. Watu walikuwa wanaingia na kutoka kutoa pole. Nje nikasikia mtu anabisha hodi, sauti nzito, ya mtu aliyetoka safari ndefu na vumbi kooni. Mama hakugeuka. Alikuwa anasonga ugali, na akajibu kwa ule wepesi ambao sikuwa nimeusikia tangu nikiwa binti mdogo: "Ingia basi, leo umechelewa, mboga imeshapoa."

Kisha mwiko ukasimama. Mlangoni alikuwa amesimama baba mdogo, mvi kichwa kizima. Alishampita baba kwa umri siku nyingi. Alipoondoka kwetu alikuwa na sauti ya ujana, na sasa uzee ulikuwa umempa sauti ya kaka yake, yote, mpaka pale anapovuta pumzi kabla ya kumalizia neno. Mimi mwenyewe niliziacha dagaa zikaungua kwenye kikaango. Nilitaka aseme tena, chochote, hata aulize njia.

Yeye alielewa mama alikuwa amemjibu nani. Angeweza kusema, "Ni mimi, shemeji." Badala yake alivua viatu akaingia, akakaa kwenye kigoda, akanawa, akala ile mboga iliyopoa bila kuinua macho, na mama akawa anamwongezea. Nilimtazama yule mzee anavyokula, nikamlilia baba kwa sauti, mbele ya watu, na waliofika walidhani namlilia bibi. Miaka yote ile tulilala na ufunguo wa ghala tukilinda alichotuachia baba, na huyu tukamwacha aende zake kwa baiskeli.